Barua kwa Mwanangu: Kutia Wino si Kukopi

Morogoro

Mama yangu,

Barua yako imefika salama, na ile kurasa uliyoichora nimeichapisha kwa kijana wa steshenari hapa mtaani ili niione kwenye karatasi, maana macho yangu na simu hawaelewani siku hizi. Mama mkubwa anakusalimu. Sisi wazima, mvua zimeanza vizuri.

Umeniuliza hivi: umepata kazi huko Chicago ya kutia wino kitabu cha katuni ambacho penseli yake inachorwa na mtu mwingine, matoleo manne, kila toleo kurasa 22. Wenzako uliosoma nao wanakucheka kwamba hiyo ni kazi ya kukopi, kupita juu ya mistari ya mwenzio. Sasa unataka kujua uikubali, au usubiri mpaka upate kitabu cha kuchora mwenyewe tangu mwanzo.

Swali hili umelileta kwa mwenyewe. Mimi miaka 31 nimelipwa mshahara wa kutia wino mistari ya watu, kwenye ofisi ya ramani. Mpimaji wa ardhi anatoka porini na karatasi yake ya penseli, imejaa vumbi na jasho, mimi naiweka mezani, nalaza tresingi, ile karatasi inayoonyesha kilicho chini yake, juu yake, nashika kalamu ya Rotring naanza. Kalamu ya milimita 0.18 kwa kontua za kawaida, ile mistari ya ramani inayoonyesha kimo, 0.35 kwa kila kontua ya tano, 0.5 kwa barabara kuu. Ukikosea unasubiri wino ukauke, unaukwangua taratibu kwa wembe, unasugua pale kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Ulikuwa ukija ofisini baada ya shule unakaa chini ya meza yangu, unakusanya vile vipande vya tresingi. Nadhani ugonjwa huu wa wino uliupatia pale.

Sasa sikiliza kilichonipata mwaka wangu wa pili kazini. Nililetewa ramani ya bonde moja. Mpimaji alikuwa mtu hodari, lakini siku ile alikuwa amechoka, na penseli yake kwenye kona moja ilikuwa imeleta kontua mbili zinazokatana. Mimi nikazifuata zote mbili, kwa unene sawasawa, kwa usafi ambao hata leo nikiufikiria naona ulikuwa mzuri. Mkaguzi naye akapitisha. Ramani ikachapwa, ikaenda kwa watu wa mradi wa maji, na bwana mmoja akarudi nayo akauliza: hapa mnataka maji yapande mlima? Mkuu wangu hakupiga kelele. Aliniita akaniambia, "Mpimaji alikuwa porini, jua la utosi. Wewe ulikuwa kivulini, umekaa kwenye kiti. Kwa nini hukuona?"

Siku ile ndiyo niliyojua kukopi ni nini. Kukopi ni kuupitisha mkono juu ya mstari bila kujua mstari huo ni wa nini. Kumbe kontua si uzi uliolala kwenye karatasi, ni kimo cha ardhi. Anayejua hivyo hawezi kukatisha mbili, hata penseli ikimwamuru. Basi wenzako wakikwambia kutia wino ni kukopi, wana haki kwa baadhi ya watu na wamekosea kwa wengine. Tofauti huwezi kuiona kwenye jina la kazi. Utaiona kwenye karatasi.

Tangu barua yako ije nimekaa na lile boksi lako la vitabu, vile ulivyokuwa ukinunua kwa wauza vitabu chakavu wa pale Posta, na nimesoma kila nilichopata kuhusu hawa watu. Kwetu mchora katuni hufanya yote mwenyewe: anatunga, anapiga penseli, anatia wino, anaandika maneno. Wamarekani waliigawa kazi kwa sababu kitabu kilitakiwa sokoni kila mwezi na mtu mmoja hawezi kukimbizana na kalenda hiyo. Sababu ya pili ni mtambo. Kamera ya kiwandani iliyotengenezea sahani za kuchapia mistari ilijua rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Kijivu cha penseli iliweza kukipoteza kabisa au kukigeuza uchafu. Kwa hiyo lazima apatikane mtu wa kukaa kati ya penseli na mtambo, aamue kila kijivu kiende upande gani.

Hilo neno "aamue" ndilo wenzako wanaliruka. Penseli ya mtu ina mistari mitatu mahali panapotakiwa mmoja; nani anachagua? Mchora penseli anaweka alama ndogo ya x, maana yake jaza weusi hapa. Weusi huo unaishia wapi, ukingo wake unakatika ghafla kama kisu au unachanika chanika kama nyasi? Shavu la mtoto na ukuta wa saruji penseli imevichora kwa risasi ileile moja. Wino ndio utakaomfanya msomaji ajue kipi kinabonyea.

Nitakupa mtu mmoja umtazame: Joe Sinnott. Alizaliwa 1926 Saugerties, mji mdogo kando ya mto Hudson, jimbo la New York. Vita vya pili vilimpeleka Okinawa akiwa na jeshi la maji, aliporudi akafanya kazi kiwanda cha saruji, kisha akaenda kusomea katuni New York City kwa msaada wa serikali kwa waliotoka vitani. Mwaka 1950 akaanza kufanya kazi na Stan Lee, mhariri wa kampuni iliyokuja kuitwa Marvel. Alijua kuchora penseli vizuri kabisa, alichora hadithi nzima nzima mwenyewe. Lakini jina lake lilikaa kwa wino, hasa alioutia juu ya penseli za mchoraji Jack Kirby kwenye Fantastic Four, kitabu cha mashujaa wanne, kuanzia mwishoni mwa 1965. Kirby alipoondoka Marvel mwaka 1970, Sinnott akabaki kwenye kitabu kile, wachora penseli wakawa wanakuja na kwenda, yeye yupo, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Msomaji akifungua kitabu anaona ni kilekile. Nani alikuwa akikishikilia kitabu hicho kisibadilike sura? Mtia wino.

Lile toleo la Fantastic Four lenye hadithi ya Galactus, jitu linalokula sayari, la 1966, unalo kwenye boksi katika kitabu cha mkusanyo. Nimelitazama kwa lenzi yangu ya ofisini. Mashine za Kirby, zile zenye mabomba na vifundo kila mahali, Sinnott amezipa weusi mzito unaokatwa na utepe mweupe uliopinda, na papo hapo chuma kinang'aa. Kisha angalia The Thing, yule mtu wa mawe, mmoja wa wale wanne. Kila gamba lina mstari mnene upande wa chini na mwembamba upande wa juu, mamia ya magamba, na hakuna hata moja ambalo amelisahau nuru inatoka wapi. Mtu anayekopi anachoka kwenye gamba la kumi. Na mwenzio huyu alifanyia kazi zote hizo nyumbani kwake Saugerties, kurasa zinakuja kwa posta na kurudi kwa posta. Aliacha kazi 2019, akiwa bado anatia wino katuni ya Spider-Man ya magazeti ya Jumapili, akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 93.

Lakini nisikupambie. Katika kazi hii kuna njia mbili za kumkosea mwenzio, na zote mbili zilimpata Kirby huyohuyo. Vince Colletta, aliyetia wino kitabu cha Thor miaka ya 1960, alikuwa na mkono mwepesi na wahariri walimkimbilia kitabu kilipochelewa. Ili awahi, alikuwa akifuta baadhi ya watu waliochorwa nyuma, au umati mzima anaugeuza kivuli kimoja cheusi. Njia ya pili ni ya anayependa kupita kiasi. Mike Royer, mtu mwaminifu sana kwa penseli, siku moja alimrembesha kidogo usoni Big Barda, shujaa wa kike aliyechorwa na Kirby. Kirby hakumwachia: usiguse nyuso. Nampenda Royer kwa kuwa alisikia, akaendelea kuwa mmoja wa waaminifu wakubwa waliopata kushika penseli za mzee yule.

Sasa nije kwenye riziki, maana swali lako lina tumbo ndani yake. Kazi hii hulipwa kwa kurasa, na kwa kawaida mtia wino hupata pungufu ya mchora penseli. Hakuna mshahara, hakuna kiinua mgongo, bima ya matibabu utajitafutia. Hata Sinnott mwaka 1957 kampuni ya akina Stan Lee ilipoporomoka alikosa kazi ghafla, akaishi kwa kuchora matangazo na kazi za hapa na pale. Tena, wewe unakuwa karibu na mwisho wa mstari. Mwandishi akichelewa siku tatu na mchora penseli akichelewa wiki, tarehe ya kiwandani haisogei. Siku zote hizo zinakatwa kwenye siku zako. Utaletewa kurasa kumi siku ya Alhamisi wazitake Jumatatu. Mgongo na kifundo cha mkono ndivyo vitakavyolipa, nami nina kifundo cha kukuonyesha.

Kuna na jambo jingine, kompyuta. Siku hizi penseli inaweza kukolezwa kwa programu ikapakwa rangi bila mtia wino kupita kabisa, na wachoraji wengi wanamaliza yote kwenye kishikwambi wenyewe. Nafasi zimepungua, hili ni la kweli na usijidanganye. Sisi tuliona hivyohivyo: mwaka kompyuta zilipoingia ofisini tulikuwa kumi na moja kwenye chumba cha wino, nilipostaafu nilikuwa peke yangu na meza kumi zilikuwa zimegeuka za kuwekea mafaili. Waliobaki na kazi ni wale waliokuwa wakiijua ardhi. Waliokuwa wakijua kalamu peke yake waliondoka na kalamu zao.

Kwa hiyo jibu langu: ikubali. Kurasa 88 za kukaa ndani ya mikono ya mchoraji mwingine ni shule ambayo chuo chako hakikukupa. Lakini kabla hujatia saini uliza mambo haya. Jina lako litaandikwa wapi, ukurasa wa kwanza pamoja na wengine au nyuma kwa herufi za sisimizi? Kurasa zenyewe za wino zitakuwa za nani? Tangu miaka ya 1970 kampuni kubwa zilianza kuwarudishia wachoraji kurasa zao, mchora penseli anachukua fungu kubwa na mtia wino fungu dogo, na kuna watu wanaishi kwa kuziuza kwa wakusanyaji. Kama mwenzio atakutumia faili, nawe ukachapisha penseli yake kwa rangi ya samawati hafifu kisha ukatia wino juu, basi ukurasa wa wino ni karatasi yako mkononi. Ukifanya yote kwenye kioo, hakuna karatasi. Mimi ningetumia karatasi. Na liandikwe kwenye mkataba kwamba penseli ikichelewa, na tarehe yako inasogea.

Na kila siku, hata nusu saa, chora penseli yako mwenyewe. Usiache mkono huo ulale.

Halafu kuna kurasa hii uliyoniletea, uliyotia wino kwa majaribio. Nimekaa nayo jioni tatu. Kituo cha treni usiku, mzee anapiga deki, abiria wamekwisha. Nywele za mzee umezifanya kwa brashi, viboko vichache, na umejua kuacha karatasi ionekane. Zile taa za juu hukuzizungushia mstari kabisa, umeziacha zikatwe na giza la dari. Hapo nilimwita mama mkubwa aje aone. Mwenye penseli alikuwa amezichora duara kamili, nimelinganisha. Uliamua mwenyewe, na uliamua vizuri.

Ila kisanduku cha tatu, ndoo. Mzee ameibeba imejaa, maji yanataka kumwagika, lakini mstari wa chini ya ndoo una unene uleule wa mdomo wake, na vidole vilivyoshika mkono wa ndoo havijabonyea. Ndoo hiyo ni tupu, mama. Wewe umebeba ndoo kutoka bombani mpaka jikoni kwa bibi yako miaka mingapi? Unajua waya unavyokata kiganja. Nenesha chini, weka weusi kidogo pale waya unapokutana na kidole cha pili, halafu bega lile la upande wa ndoo lishushe kwa unene wa mstari tu, usiliguse umbo, umbo ni la mwenzio.

Irudie unitumie kabla ya Ijumaa, kabla hujawajibu. Kwenye bahasha hii nimeweka zile nibu mbili za kuchovya nilizokuwa nimezificha kwenye kopo la talkamu. Zisafishe kwanza kwa mate au kwa moto kidogo wa kiberiti, zimepakwa mafuta.

Baba yako