Tor na VPN kwa pamoja: kwanza sema unamkimbia nani

Tangu mtandao wa X (zamani Twitter) ulipofungwa Tanzania Mei 2025, maswali ya VPN (huduma ya kampuni inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta zake, yaani seva) na Tor (mtandao wa bure wa kuficha nani anatembelea nini) hayaishi kuja, na mengi yanafanana. Nimechagua haya. Anayeuliza "VPN ipi nzuri?" bila kusema anaitakia nini, leo simjibu; nimeshamjibu mara nyingi.

Nikiwasha VPN kisha nikafungua Tor, si ndiyo ulinzi mara mbili? (Msomaji, Mwanza)

Hapana, na hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalopotosha watu wengi.

Tor hupitisha mawasiliano yako kwenye vituo vitatu vinavyoendeshwa na watu wasiohusiana. Cha kwanza kinaona anwani yako ya IP, ile namba inayotambulisha muunganisho wako, lakini hakijui unakwenda wapi. Cha mwisho kinajua unakokwenda lakini hakijui wewe ni nani. Cha katikati hakijui lolote kati ya hayo. Nguvu yote ya Tor iko hapo: hakuna mtu mmoja mwenye habari kamili. VPN ni kinyume chake. Kampuni moja inaona anwani yako, inaona unakokwenda, na mara nyingi ina kumbukumbu ya malipo yako.

Ukitanguliza VPN mbele ya Tor, kampuni yako ya simu haioni tena kwamba unatumia Tor. Inaona VPN tu. Sasa anayejua kwamba unatumia Tor ni mwenye VPN. Umehamisha shahidi, hujamwondoa.

Wakati mwingine kumhamisha kuna faida. Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard alituma barua pepe za vitisho vya bomu ili akwepe mtihani. Alipitia Tor, lakini kwenye wifi ya chuo. Hakuna aliyeivunja Tor. Wachunguzi waliangalia kumbukumbu za mtandao wa chuo kuona nani alikuwa kwenye Tor muda ule, wakamfikia, akakiri. Alichofanya ni uhalifu na alistahili kukamatwa. Lakini somo linamhusu pia mwandishi wa habari anayelinda chanzo chake: Tor inaficha unakokwenda, haifichi kwamba unaitumia. Kama unayemkimbia ni msimamizi wa mtandao wa ofisi, chuo au hoteli, na humo ndani mtumiaji wa Tor ni wewe peke yako, basi una sababu ya kuifunika.

Hata hapo, VPN siyo dawa ya kwanza. Tor ina madaraja yake, yaani njia zisizo wazi za kuiingilia: obfs4, Snowflake na WebTunnel. Yametengenezwa ili Tor isitambulike kirahisi au isizuiwe, hayana malipo wala hayadai jina. Yako kwenye mipangilio ya kivinjari cha Tor, sehemu ya muunganisho. Wanaotengeneza Tor wenyewe hawamshauri mtu wa kawaida kuongeza VPN, kwa sababu ukiipanga vibaya unaweza kujianika badala ya kujificha.

Je, Tor kwanza halafu VPN? (Nakuru)

Usifanye hivyo. Kivinjari cha Tor hutenganisha tovuti unazotembelea kwa kuzipa njia tofauti, na njia hizo hubadilika. Ukimaliza safari kwa VPN, kila kitu kinatokea kwenye mlango mmoja, kwa akaunti moja, ambayo huenda umeilipia kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lako.

Orbot na VPN haviwaki pamoja kwenye simu yangu. Simu ni mbovu? (Bukavu)

Siyo mbovu. Android inaruhusu VPN moja tu kwa wakati, na Orbot, programu inayopitisha mawasiliano ya simu kwenye Tor, inachukua nafasi hiyohiyo. Chagua moja. Kama unataka kusoma tovuti tu, achana na vyote viwili, weka kivinjari cha Tor chenyewe.

Naomba jina la VPN ya bure isiyokula bando. (Wengi mno)

Seva zinalipiwa kila mwezi. Kama hulipi wewe, uliza nani analipa na anapata nini. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba Hola, VPN ya bure, ilikuwa ikiuza njia za intaneti za watumiaji wake wa bure: mtu asiyekujua anaingia mtandaoni kwa kupitia kifaa chako, na anwani inayobaki kwenye kumbukumbu ni yako. Onavo, VPN nyingine ya bure iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013, ilijitangaza kama kinga huku ikiipelekea Facebook habari za programu ambazo watu wanatumia. Apple iliishinikiza hadi ikatolewa kwenye duka lake mwaka 2018.

Na kulipa peke yake siyo dhamana. PureVPN ilikuwa ikijinadi kwamba haihifadhi kumbukumbu. Mwaka 2017 nyaraka za mahakama Marekani zilionyesha kuwa kumbukumbu zake ziliisaidia FBI kumpata mtu aliyekuwa akimwandama mwanamke mtandaoni. Nafurahi kwamba mtu yule alipatikana. Ila ahadi ile ilikuwa ya uongo, na uongo ule uliwahusu wateja wote. Linganisha na Mullvad ya Sweden. Aprili 2023 polisi walifika ofisini kwao na hati ya upekuzi, wakaondoka mikono mitupu kwa kuwa data za wateja walizozitaka hazikuwepo. Akaunti yao ni namba tupu, haina jina wala barua pepe, na wanapokea hata noti ndani ya bahasha. Kampuni ya VPN ipimwe kwa yale ambayo haina cha kumpa anayekuja kuuliza.

Nimefungua Gmail yangu kupitia Tor. Bado wananijua? (Morogoro)

Ndiyo. Umeandika nenosiri lako mwenyewe.

Picha ya skrini uliyonitumia inaonyesha kivinjari cha Tor, na kwenye kona ya ukurasa kuna picha yako na jina lako kamili. Google haihitaji anwani yako ya IP tena. Umeingia kwa hiari yako, na akaunti hiyo imefungwa kwa namba ya simu. Kama unayemkimbia ni kampuni ya simu, hapo umefanikiwa, maana haijui kama umefungua Gmail. Kama ni Google, hujafanya kitu. Ndiyo maana nawasisitizia mseme kwanza mnamkimbia nani.

Halafu jambo ambalo hukuliuliza: faili la Word au PDF ulilopakua kupitia Tor usilifungue ukiwa bado mtandaoni. Linaweza kuita picha kutoka seva ya mbali kwa kutumia muunganisho wako wa kawaida, na hapo anwani yako halisi imeonekana.

Kituo cha mwisho kinaweza kusoma nenosiri langu? (Zanzibar)

Kama tovuti haina HTTPS, yaani usimbaji unaofunga mawasiliano kati ya kivinjari chako na tovuti ili wa njiani asiyasome, ndiyo. Mwaka 2007 mtaalamu wa Sweden, Dan Egerstad, aliendesha vituo vya mwisho vya Tor akanasa maneno ya siri ya barua pepe za balozi kadhaa. Tor yenyewe haisimbi mawasiliano mpaka mwisho wa safari. Kivinjari cha Tor cha siku hizi hukuonya kabla ya kufungua tovuti isiyo na HTTPS. Usilipuuze onyo hilo.

Torrenti juu ya Tor? (Kampala)

Hapana. Programu nyingi za torrenti, zile za kupakua mafaili makubwa kutoka kwa watumiaji wenzako, hutaja anwani yako halisi, na unawabana wengine wanaoihitaji Tor.

VPN ni kosa Tanzania? (Dodoma)

Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitangaza kwamba wanaotumia VPN kwa shughuli zao wajisajili ifikapo tarehe 30 mwezi ule, na kutoa taarifa ikiwamo anwani ya IP. Ilitaja Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020, ambazo adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mimi naona kumtaka raia ajiandikishe ili apate faragha ni kumnyima faragha hiyo. Lakini maoni yangu hayatakulinda kituoni. Simu ikishikwa mkononi, ile alama ya ufunguo juu ya kioo inaonekana na kila mtu, na wala hakuna haja ya kuvunja usimbaji wowote. Ulizia wakili kabla ya kuniuliza mimi.

Niko Hamburg na kompyuta yangu inawaka siku nzima. Nawezaje kuwasaidia ndugu walioko nyumbani?

Weka kiendelezi cha Snowflake, lile daraja la Tor nililolitaja juu, kwenye kivinjari cha Firefox au Chrome, ukiwashe, uendelee na kazi zako. Mtu aliyezuiwa kuingia Tor atapita kwako kuufikia mtandao huo, lakini tovuti anazofungua haziioni anwani yako. Kituo cha mwisho usikiendeshe nyumbani, kwa sababu chochote kibaya kitakachopita humo kitaonekana kimetoka kwako, na polisi wataanzia mlangoni pako.