Kuhifadhi vitabu vya kidijitali kwenye hewa ya chumvi

Vitabu vilivyotapakaa kwenye simu, flashi na kompyuta vikusanye kwanza kwenye maktaba moja ya Calibre, programu ya bure. Hukipa kila kitabu folda yake ndani ya folda ya mwandishi. Humo mna kitabu chenyewe, picha ya jalada na faili ya metadata.opf yenye maelezo ya kitabu hicho. Orodha nzima hukaa kwenye metadata.db. Folda hizo usizibadilishe majina kwa mkono, programu itakitafuta kitabu isikione. Badilisha ndani ya Calibre, nazo zitafuata.

Kazi kubwa ni majina. Calibre huchukua neno la mwisho kuwa la ukoo, kwa hiyo Muyaka bin Haji, malenga wetu wa Mvita, utamkuta kwenye H: "Haji, Muyaka bin". Nani atamtafuta huko? Kwenye mipangilio ya ndani, pale palipoandikwa author_sort_copy_method, ondoa "comma" uweke "copy". Kisha nenda sehemu ya kusimamia waandishi uagize majina yapangwe upya, la sivyo waliokwishaingia watabaki kama walivyo.

Sasa nakala. Hifadhi ya mtandaoni inayojisawazisha haitoshi: ukifuta kitabu hapa, na kule kinafutika. Wala usiiweke humo maktaba unayoitumia, maana metadata.db ikisawazishwa huku inaandikwa huweza kuharibika. Funga Calibre, ndipo unakili folda yote kwenye diski mbili za nje. Tumia laptopu yenye chaji. Umeme ukikatika katikati, faili hubaki nusu.

Hapa Mombasa unyevu na chumvi ya bahari hula vichwa vya USB. Diski itie kwenye kopo la plastiki linalofunga kabisa, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Ya pili ilale nyumba nyingine: ukikaa Mji wa Kale, mwachie ndugu aliyeko Likoni. Flashi haifai kuwekwa miaka bila kuchomekwa, data yake hufifia.

Kila baada ya miezi michache ifungue nakala kwenye kompyuta nyingine. EPUB, aina ya faili ya kitabu, ikikatika kwa kawaida haifunguki, lakini PDF huweza kufunguka ikakupa kurasa za mwanzo tu, kwa hiyo nenda mpaka ukurasa wa mwisho. Metadata.db ikifa, Calibre ina amri ya kuijenga upya kutoka zile metadata.opf, ndiyo maana unanakili folda nzima, si vitabu pekee.