Kabla ya kuchora majirani: ushauri kwa wanaoanza filamu fupi ya katuni

Kwenu mnaoanza kutengeneza filamu fupi ya katuni kuhusu majirani wa jengo moja la ghorofa, nawasihi mtangulize jengo lenyewe na sauti zake, kisha ndipo mshughulikie sura za wahusika. Wakazi wa fleti husikiana zaidi ya wanavyoonana. Aliye chini hujua kwamba leo juu yake panatwangwa kisamvu, na mlio wa LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) inayokaribia kuisha humfikia jirani hata kabla mwenye nyumba hajashtuka.

Choreni jengo kana kwamba ukuta wa mbele umeondolewa, vyumba vyote vionekane, na muamue mapema ukuta upi unatenganisha nani na nani, ngazi ziko wapi, na bomba likivuja ghorofa ya tatu maji yatadondokea jiko la nani.

Kisha rekodini sauti, na kwa majaribio simu inatosha. Kila sauti irekodiwe ndani ya chumba na pia kutoka chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu ukuta humeza zaidi sauti nyembamba na kupitisha nzito, na tofauti hiyo ndiyo humwambia mtazamaji kwamba ugomvi anaousikia uko kwa jirani. Norman McLaren, katika filamu yake ya mwaka 1952 iitwayo Neighbours, iliyotengenezwa Kanada na kushinda Oscar, alionyesha majirani wawili wakigombea ua lililochanua bila kutamka neno, na sauti zake aliziunda moja kwa moja kwenye njia ya sauti ya mkanda wa filamu, yaani ule ukanda mwembamba wa pembeni ambao projekta huusoma kama sauti.

Pangeni michoro ya awali juu ya sauti hizo, mumwonyeshe mtu asiyeijua hadithi, nanyi mkae kimya. Akiuliza ni nani anayegonga, rekebisheni hapo hapo. Filamu ya dakika 5 kwa fremu (picha moja moja) 24 kila sekunde ina fremu 7,200, na hata kila mchoro ukishikilia fremu mbili bado ni michoro 3,600, hivyo tukio linalokatwa mapema huokoa kazi ya wiki nyingi.

Ngazi zinastahili muda wenu mwingi kuliko mahali pengine popote. Hatua ya kawaida huchukua takriban fremu 12, lakini mama anayepandisha dumu la maji la lita 20 amebeba kilo 20: mpeni fremu 16 au zaidi, kiwiliwili kiinamie upande usio na dumu, mkono mtupu utanuke, naye atue mzigo kwenye kona ya ngazi abadilishe mkono. Kila mkazi akiwa na mwendo wake, mtazamaji atamtambua kwa nyayo kabla mlango haujafunguliwa.

Sauti za kila fleti zihifadhiwe katika faili yake, yenye jina la ghorofa, ili picha inaposhuka kutoka juu hadi chini muweze kupunguza nyumba moja na kuongeza nyingine bila kuvuruga jengo zima.