Kufuga kuku uani Mbeya mjini: mi nilianzia kwenye banda, ningeanzia kwa jirani

Watu wananiuliza sana, eti ukitaka kufuga kuku hapa mjini kibali unachukua wapi. Mi nawajibu kibali cha kwanza kiko ng'ambo ya ukuta, kwa jirani yako, na sitanii, maana kilichonipeleka ofisi ya mtaa mwaka juzi ni harufu, wala hakuna aliyeanza kwa kuniuliza karatasi.

Nilikuwa nimepanga Ilomba, uani pana nafasi nzuri, nikampigia baba mwenye nyumba yuko kwao Tukuyu, akasema we fuga tu mwanangu ila usiniharibie ukuta. Kwa mdomo hivyo hivyo, hakuna mstari hata mmoja kwenye mkataba wa pango (kosa hilo, nitarudi). Nikajenga banda la mabanzi na wavu nikaliegemeza kwenye ukuta wa jirani kwa sababu upande ule ndo hauna upepo, na baridi ya hapa ya Juni na Julai mnaijua. Nikaweka kuku chotara mia. Mia! Uani kwa watu.

Sasa upande wa pili wa ule ukuta kulikuwa na dirisha la jiko la mama jirani, na mi sikuwahi hata kuchungulia. Kiangazi mambo yalikuwa shwari. Mvua zilipochanganya Januari akaja kistaarabu tu, "Dada, hao kuku wako siku hizi tunakula nao ugali." Nikacheka, nikamwambia nitasafisha mama, nikasafisha siku moja. Wiki mbili baadaye nikaletewa barua ya wito.

Wakaja kukagua watatu, mtendaji wa mtaa, bwana afya na afisa mifugo wa kata. Bwana afya alichuchumaa kwenye banda, akachota maranda ya mbao yaliyotandikwa chini karibu na chombo cha maji, akayakamua kama mtu anayekamua tui la nazi, maji yakachuruzika katikati ya vidole. Akanionyesha mkono. Hakusema kitu, mi mwenyewe nikaangalia chini. Afisa mifugo ndo akanielekeza kwamba maranda mazuri ukiyafumbata halafu ukafungua kiganja yanaachana, yakibaki donge ujue yameloa, na yakiloa yakichanganyika na kinyesi ndo inatoka ile gesi ya amonia inayochoma macho, kwa hiyo kabla hata jirani hajalalamika kuku wenyewe wameshaanza kuumia vifua. Mi nilikuwa nadhani wana mafua ya baridi!

Nikapewa siku kumi na nne nihamishe banda na nipunguze kuku.

Turudi kwenye sheria sasa. Kila halmashauri inajitungia sheria zake ndogo, nguvu hiyo kwa mijini inatoka kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, ndo maana usije ukachukua idadi ya kuku aliyokutajia shemeji yako wa Iringa au Njombe ukaja nayo Mbeya. Nenda ofisi ya kata, omba usomewe sheria ndogo za ufugaji na za usafi wa mazingira, uliza wanaruhusu wangapi, banda likae umbali gani na nyumba na mpaka, mbolea na mizoga unapeleka wapi. Andika majibu na jina la aliyekujibu. Ukiwa mpangaji, ruhusa ya mwenye nyumba iingie kwenye mkataba, kwa sababu mi nilipoitwa, baba yule alisema yeye alielewa kuku watano wa mboga. Na sikumlaumu, mia sikumtajia.

Kingine, hela. Kuna kijana alinijia na daftari baada ya ile ishu, anasema nimalizane naye pale pale ili faili lifungwe. Nikamwambia niletee kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, nilipie kwenye simu. Hakurudi tena mpaka leo. Faini ya serikali inakuja na kontrol namba na risiti, ukiona inaishia mfukoni mwa mtu hiyo sio faini.

Ya kitaifa nayo ipo, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Ukitaka kutoa kuku wilaya moja kwenda nyingine, mfano unawafuata Mbarali unawaleta Mwanjelwa, chukua kibali cha kusafirisha kwa afisa mifugo wa huko wanakotoka, usisubiri kubishana barabarani kuku wanakufa kwenye matenga. Na wakianza kufa ghafla wengi wengi toa taarifa, usiuze waliobaki harakaharaka, we unajua kabisa ni mdondo (kideri) unampelekea mwenzio. Chanjo yenyewe ya mdondo ni ile ya tone la jicho kila miezi mitatu, hata kwa kuku watano, na weka tarehe kwenye daftari, siku ya ukaguzi lile daftari lilinisaidia kuliko maneno yangu yote.

Siku hizi nina kuku thelathini, banda liko kona ya mbali, paa limeshuka vizuri mvua isipige ndani, vyombo vya maji nimevipandisha juu ya tofali, maranda nageuza kila siku mbili na mbolea inachukuliwa na jamaa wa bustani kule Uyole. Kabla ya kulihamisha nilienda kwa mama jirani nikasimama jikoni kwake, tukaangalia dirishani pamoja ndo nikachagua kona.

Majogoo niliwauza wote nikijua nao watakuwa kero na zile kelele za saa kumi alfajiri. Siku ya tatu mama jirani akanigongea geti. "Dada, yule jogoo mwekundu umempeleka wapi? Mi ndo alikuwa ananiamshia watoto wa shule."