Barua kwa mwanangu Somoe: mlinda amani anasimama upande wa nani?

Newala

Mwanangu Somoe,

Barua yako nimeipata na salamu nimezifikisha kwa mama yako. Yeye anasema umpeleke mjukuu wake chanjo kabla hujaanza kuulizana na baba yako mambo ya vita. Mimi nakuandikia ya vita.

Umesema uliiangalia ile filamu ya Bosnia niliyokutajia, No Man's Land, ukashindwa kulala kwa kumwaza mumeo, maana jina lake limo kwenye orodha ya wanaokwenda Afrika ya Kati kuvaa kofia ya bluu. Ukauliza: kama askari wa Umoja wa Mataifa wanakatazwa kumsaidia mtu mmoja aliyelala juu ya bomu, wanakwenda kufanya nini? Si bora wakae makwao?

Si bora. Ila sishangai umefika hapo. Aliyeitengeneza, Danis Tanović, alikuwemo Sarajevo ilipozingirwa, akipiga picha za vita upande wa jeshi la Bosnia. Filamu yake ilitoka mwaka 2001, ikapata Oscar, na hasira yake kwa wenye kofia za bluu haikufichwa.

Najua barua zangu mnasomeana, kwa hiyo nawasimulia kidogo wadogo zako ambao hawajaiona. Ni mwaka 1993. Wabosnia wana mahandaki yao huku, Waserbia kule, na katikati kuna handaki ambalo si la yeyote. Humo wamenasa Čiki, Mbosnia, na Nino, Mserbia. Wa tatu ni Cera, rafiki yake Čiki, ambaye Waserbia walidhani amekufa wakamtegea bomu chini ya mgongo. Akiinuka tu, linalipuka. Sajini wa Kifaransa, Marchand, anakwenda kuwatoa, wakubwa wake wanamwamuru arudi. Mwandishi wa televisheni anainasa habari, na hapo ndipo kanali anapopata helikopta ya kumfikisha. Mtegua mabomu anakuta bomu lile haliteguliki. Čiki na Nino wanakufa hapohapo, kila mtu akitazama. Kanali anawaambia waandishi kwamba yule wa tatu ameokolewa, kisha msafara unaondoka naye yuko kulekule chini.

Wengi humkumbuka sajini, na wewe umemwandika karibu ukurasa mzima. Mimi nakutaka urudie pale Čiki na Nino wanapobishana nani alianzisha vita. Čiki ana bunduki, basi Nino anakiri kwamba ni wao Waserbia. Baadaye bunduki inahamia kwa Nino, na sasa Čiki ndiye anayekiri kwamba ni Wabosnia. Watu huicheka sehemu hiyo, na kweli inachekesha. Lakini ndiyo inayoeleza kwa nini anahitajika mtu wa tatu kutoka nje. Mle handakini ukweli unafuata bunduki. Anatakiwa atokee mtu ambaye haogopi bunduki ya huyu wala ya yule, aseme nani amefanya nini. Anatokea, tena na magari meupe ya deraya, halafu anasema hilo si kazi yake. Mtu wa tatu akishasema hivyo, mwenye bunduki ameshinda kesi.

Na hilo halikuishia kwenye filamu. Mwezi Septemba 1991 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 713, likazuia silaha kuingia Yugoslavia yote, nchi iliyokuwa ikivunjika na Bosnia ikiwemo, bila kumbagua yeyote. Kwenye karatasi ni haki tupu. Lakini Waserbia wa Bosnia walirithi maghala na mizinga ya jeshi la zamani la Yugoslavia, na serikali ya Bosnia ilikuwa na silaha chache mno. Marufuku ikawa moja kwa wote, maumivu yakawa ya mmoja. Aprili 1993 Baraza hilohilo likautangaza mji wa Srebrenica kuwa eneo salama. Wakapelekwa Waholanzi mia chache, wenye silaha nyepesi, wakalinde maelfu ya watu waliokimbilia humo. Julai 1995 jeshi la Waserbia wa Bosnia, chini ya Ratko Mladić, liliingia. Waholanzi walisimama pembeni, na katika siku chache zilizofuata wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa. Serikali ya Uholanzi ilikuja kujiuzulu mwaka 2002 kwa sababu ya jambo hilo, miaka saba baadaye.

Sasa nikutoe huko Ulaya nikulete hapa kwetu, maana usije ukadhani nakuambia kila anayekataa kuchagua upande ni mwoga.

Unapajua Shimo la Mungu, ulipenda kupanda pale ulipokuwa mdogo. Ukisimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Kule ndiko, Mueda, Wareno walikowafyatulia risasi watu waliokusanyika tarehe 16 Juni 1960. Vita vya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, vilipoanza Septemba 1964, nchi yetu ilikuwa ikitangaza kila siku kwamba haifungamani na upande wowote. Na ilikuwa kweli: haikuwa ya Washington wala ya Moscow. Lakini kati ya Mreno na Mmakonde aliyenyang'anywa nchi yake, Mwalimu Nyerere hakusema subirini nisikilize pande zote mbili. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea, hapo jirani, na wakimbizi walivuka mto wakapokewa. Gharama yake watu wa mikoa hii wanaijua, kwa sababu mabomu ya Mreno hayakuwa na adabu ya kuishia mpakani. Mimi bado nasema tulifanya sawa. Kukataa kuwa mfuasi wa wakubwa wanaogombea dunia ni jambo moja. Kumtazama jirani akipigwa ukajiita mtu wa kati ni jambo jingine kabisa.

Lakini geuza upande wa pili. Msumbiji hiyohiyo ilipopata uhuru mwaka 1975 haikukaa, ikaingia kwenye vita vya serikali na waasi wa RENAMO. Sisi tulipeleka wanajeshi kuisaidia serikali. Wako waliorudi wamekufa, na makaburi ya mashujaa wetu yako Naliendele pale Mtwara, unayapita ukienda mjini. Vita havikwisha kwa sababu yetu. Vilikwisha baada ya pande mbili zenyewe kuchoka na kutia saini mkataba mjini Roma, tarehe 4 Oktoba 1992. Ndipo Umoja wa Mataifa ukaleta kikosi, ONUMOZ. Wakakusanya wapiganaji kambini, wakapokea silaha, wakasimamia uchaguzi wa Oktoba 1994, wakaondoka. Wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu walirudi kwao. Hawa hawakuwa na upande, na kutokuwa na upande ndiko kulikowafanikisha. RENAMO isingempa bunduki yake mtu anayemwona ni wa serikali.

Kofia ni zilezile za bluu, na mwaka 1993 zilikuwa kote kuwili. Tofauti ni kwamba Msumbiji kulikuwa na amani ya kulinda, ndogo na ya mashaka, lakini ilikuwepo. Bosnia hapakuwa na kitu cha kulinda. Wakubwa walipeleka walinda amani kwenye vita inayoendelea, wakawapa masharti ya mahali ambapo vita imekwisha. Ndiyo maana simchukii sana yule kanali wa filamu kama unavyomchukia wewe. Kanali ni mtu mdogo. Waliomtuma ndio waliotaka kuonekana wanafanya jambo bila kulifanya.

Umesema bora wabaki kwao. Haya, twende Rwanda. Mkataba wa amani ulisainiwa kwetu Arusha, Agosti 1993, na kikosi cha askari wapatao 2,500 kikapelekwa chini ya Jenerali Dallaire wa Canada. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, Wabelgiji kumi wa kikosi hicho waliuawa siku ya kwanza kabisa, Ubelgiji ikaondoa watu wake, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua wabaki 270 tu. Hilo ndilo jibu la wanaosema warudi kwao. Walirudi, na tunajua kilichofuata. Lakini Waghana walibaki. Na alibaki kapteni mmoja wa Senegal, Mbaye Diagne, ambaye hakuwa na ruhusa ya kupigana na hakupigana. Alikuwa akipakia watu kwenye gari lake, wachache wachache, akipita vizuizi vya wauaji kwa maneno, mizaha na sigara. Aliokoa mamia, mpaka kombora lilipomuua tarehe 31 Mei. Huyo alikuwa chini ya masharti yaleyale ya wenzake. Ukimwangalia yeye, swali la kama wabaki kwao linakufa lenyewe.

Baada ya Rwanda na Srebrenica, Umoja wa Mataifa ulijikosoa. Mwaka 2000 kamati ya Lakhdar Brahimi wa Algeria iliandika bila kupaka mafuta kwamba kuwachukulia anayeshambulia na anayeshambuliwa kama watu sawa kumewaharibia walinda amani jina kuliko kosa lolote. Na mwongozo wao wa mwaka 2008 una mfano wa mwamuzi wa mpira, ambao nyie mliokulia uwanja wa Nangwanda Sijaona hamhitaji kufafanuliwa: mwamuzi hana timu, ila filimbi anapuliza, na kadi anatoa kwa yeyote.

Sikufichi yaliyotukuta sisi tulipopewa filimbi. Machi 2013, kwa azimio namba 2098, ikaundwa brigedi ya kuingilia kati mashariki mwa Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali Mwakibolwa. Hawa waliruhusiwa kushambulia, si kungoja kushambuliwa tu. Mwisho wa mwaka huo waasi wa M23 walishindwa. Lakini ukishachukua hatua ya namna hiyo, adui anakuhesabu kama mpiganaji. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, hukohuko Kongo, ilivamiwa, wakauawa vijana wetu wasiopungua 14. Na M23 wenyewe walirudi vitani baadaye. Kwa hiyo wanaosema kwamba dawa ni kuwapa walinda amani bunduki kubwa tu, nao siwapi alama zote. Bunduki bila mkataba wa kisiasa nyuma yake inanunua muda, na muda huo wanasiasa wasipoutumia, gharama yake ni majeneza.

Sasa kuhusu mumeo, ambaye naamini ndiye hasa uliyekuwa unauliza habari zake. Kule Afrika ya Kati kikosi kina agizo la kulinda raia, siyo kama Bosnia ya mwaka 1993. Hilo ni jambo kubwa. Lakini agizo la Umoja wa Mataifa kule New York ni refu, na anayesimama kizuizini saa nane usiku ni koplo. Mwambie kabla hawajaondoka azisome kanuni za matumizi ya silaha mpaka aziote, na pale asipoelewa amwulize kamanda wake wakiwa bado hapa nchini: watu wakikimbilia getini kwetu tunafungua? Redio ikikatika, nani ana uwezo wa kuamua? Sajini Marchand alikuwa na moyo, akakosa majibu ya maswali haya, na akamalizia siku yake akipanda gari na wengine.

Ajifunze pia maneno machache ya Kisango, ndiyo lugha yao wanayoelewana wote. Mtu anayeweza kuuliza habari ya ndugu wa mwenyeji hutumia risasi chache.

Mama yako anataka aje aage kabla ya safari, na mimi nataka hivyohivyo, korosho za njiani zimeshabanguliwa. Na kama bado unaona nimemhurumia mno yule kanali, lete hoja zako, ila usiniletee tena za televisheni.

Baba yako