Maswali ya wajenzi wa Lubumbashi: tofali, maji ya Januari, joto la Oktoba

Kiangazi ndicho msimu wa kujenga, na barua zenu zinaonyesha hivyo. Leo nimechukua zile zinazogusa nyumba na hali ya hewa.

Fundi wangu anasema tofali la kuchoma ndilo linalodumu. Mwanangu anasema ninamaliza msitu. Nimsikilize nani? (Baba wa Katuba)

Wote wawili wanasema kweli, baba. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana: mchwa wameshauchambua, unashikana, na vichuguu vya huku kwetu vingine hufika mita 8. Kasoro iko kwenye tanuru. Tazama fundi anavyolipanga: tofali mbichi zinapandishwa kama chumba, mashimo ya chini yanashindiliwa magogo, nje panakandikwa udongo, halafu moto unawaka usiku na mchana. Magogo hayo ni ya miombo, msitu ule ule unaotupa makala (makaa ya kupikia), na malori yanaufuata mbali zaidi kila mwaka. Tena tofali za pembeni, ambazo moto haukuzifikia, zinatoka nusu mbichi na unauziwa hivyo hivyo.

Ipo njia nyingine: tofali la kushindilia kwa mashine ya mkono. Chukua udongo mwekundu wenye mchanga kiasi, uchanganye na simenti asilimia 5 hadi 10, ushindilie tofali zako, kisha uzianike kivulini na kuzinyunyizia maji ili zisikauke haraka. Kabla ya kujenga, tumbukiza moja majini usiku kucha. Likimeguka asubuhi, ongeza simenti. Lakini usiimwage simenti ovyo, maana yenyewe inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni ambayo binadamu wanaitoa duniani. Kuta ziinue juu ya msingi wa mawe, na paa litokeze nje vya kutosha.

Kama umeshaamua kuchoma, basi choma kidogo. Zilizochomwa zikae chini na nje, pale mvua inapopiga. Kuta za ndani zinaweza kuwa za tofali mbichi bila shida yoyote.

Nimesoma kwamba miji ya Uingereza inadai nyumba mpya zipunguze kaboni. Sisi tunahusikaje? (Mwanafunzi, Kampemba)

Mwaka 2003 halmashauri ya Merton, London, iliamua kwamba majengo mapya makubwa, yasiyo ya makazi, yapate angalau asilimia 10 ya nishati yao kwenye eneo lao lenyewe, kwa mfano kutoka kwenye jua. Halmashauri nyingine zikaiga. Kwao hiyo ina maana kubwa, kwa sababu wanapasha nyumba moto miezi mingi.

Tukiinakili kama ilivyo tutakosea shabaha. Umeme wetu wa gridi unatoka hasa kwenye mitambo ya nguvu za maji: Nzilo, Nseke, Mwadingusha, Koni. Kaboni ya nyumba ya Lubumbashi imo kwenye tofali, simenti, makala ya jikoni, na jenereta umeme unapokatika. Amri ya waziri ya tarehe 26 Juni 2013 tayari inataka kibali kabla ya kujenga. Ningetamani sana kuona ofisi inayotoa kibali hicho ikimuuliza kila mjenzi maswali mawili: tofali zako zimechomwa na nini, na maji ya paa lako yataelekea wapi? Hayahitaji mtaalamu kutoka nje.

Nimepata parseli (kiwanja) ya bei nafuu karibu na mto Naviundu. Muuzaji anasema maji huja Januari tu, na karatasi ya chifu ipo. (Dada wa Ruashi)

Usinunue, dada. Januari inakuja kila mwaka. Nenda ukatazame kuta za majirani: ule mstari wa tope unakuonyesha maji yalifika wapi. Na kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni ya Serikali. Karatasi ya chifu haichukui nafasi ya certificat d'enregistrement, yaani hati ya ardhi iliyosajiliwa. Ukijaza udongo ili uinue kiwanja chako, maji yale yataingia kwa jirani.

Nyumba yangu ya mabati haikaliki mwezi wa kumi. Nifanye nini? (Mama wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi)

Kuelekea mwisho wa Oktoba jua la saa sita linasimama wima juu ya mji wetu, kwa hiyo, mama, anza na paa. Weka plafoni (dari) hata ya bei ndogo, uache matundu pande mbili ili hewa ya moto iliyo kati ya plafoni na bati itoke. Bati likipakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua.

Ukijenga tena, madirisha makubwa yaangalie kaskazini na kusini, na upande wa magharibi ubaki na ukuta mzima, maana jua la alasiri ndilo linaloumiza. Juni na Julai, baridi inapobana, jua huwa kaskazini: litaingia sebuleni, na mbabula, jiko lako la makala, utabaki nje unakostahili, kwa sababu moshi wa makala kwenye chumba kilichofungwa unaua.