Nyumbu waache kwanza, anzia kaskazi na kusi

Asalaam aleikum na habari zenu wadau. Kuna mwalimu mwenzetu wa Kisauni ameuliza. Ana Gredi ya 4, watoto arobaini na kitu, anatakiwa kuwafundisha kuhusu wanyama wanaohama. Shule haina pesa ya basi la kwenda Maasai Mara, na video aliyowaonyesha haikuwaingia. Afanyeje? Mimi nimefundisha watoto wa umri huo hapa kisiwani Mombasa miaka kumi na mbili, na somo hili nalipenda kuliko yote, kwa hivyo mniwie radhi nikirefusha.

Dada, hata mimi nilianza na video. Nyumbu, vumbi, mto, watoto wakapiga mayowe pale mamba alipomkamata mmoja. Kesho yake nikauliza, je, wale nyumbu walikuwa wakienda wapi? Kimya. Mmoja akainua mkono: "Wamehama, mwalimu." Wamehamia wapi? "Nyumba nyingine."

Nilirudi nyumbani na jibu hilo kichwani, na nikaona kosa ni langu. Kwetu Mombasa kuhama ni mkokoteni mlangoni, magodoro juu, sufuria zimefungwa ndani ya shuka, na rafiki yako wa kucheza naye humwoni tena. Mtoto wa Majengo au wa Kongowea ameliona hilo mara nyingi, na pengine yeye mwenyewe ndiye aliyekaa juu ya magodoro. Ukimwambia mnyama amehama, anaelewa ameondoka moja kwa moja. Na kiini cha somo ni kinyume chake: mnyama anakwenda na anarudi, mwaka baada ya mwaka, kwa majira yake. Neno la kitabuni nawafundisha, maana watalikuta kwenye mtihani, lakini siku ya kwanza nasema "safari ya msimu", na hapo ndipo mlango unapofunguka.

Kwa sababu msimu mtoto wa Pwani anao nyumbani. Waulize nani ana babu au ami aliyekuwa baharia, mikono haikosekani. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja Bandari ya Kale na upepo wa kaskazi, kuanzia mwezi wa Desemba hivi, yakashusha tende, chumvi na mazulia, yakangoja. Kusi ilipoanza kuvuma, mwezi wa Aprili, yakapakia boriti za mikoko yakarudi kwao. Hakuna nahodha aliyebishana na upepo. Wazee wetu majira ya kaskazi waliyaita musimu, na neno hilohilo la Kiarabu ndilo lililoingia lugha za Ulaya likawa jina la pepo hizi. Mtoto akishaelewa jahazi, ameshaelewa nusu ya somo: kuna wakati wa kuja, kuna wakati wa kungoja na kula, kuna wakati wa kurudi, na ukichelewa unakwama.

Baada ya hapo nawaambia, sasa tuwatafute wageni wengine wanaokuja kwa misimu hiyo hiyo, wasio na jahazi.

Mgeni wangu wa kwanza ni kereng'ende, kwa sababu hana nauli. Mvua za vuli zikinyesha wanajaa viwanjani. Kuna aina moja, rangi ya dhahabu iliyofifia, mabawa mapana, hatui ovyo, anaelea tu hewani. Huyo yuko karibu dunia nzima. Mwaka 2009 mtaalamu anayeitwa Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, alichapisha hoja yake. Kila mwaka, mnamo Oktoba, kereng'ende walitokea kwa wingi kwenye vile visiwa, na visiwa vile havina mito wala maziwa ya kuzalia. Wametoka wapi? Akafuatilia tarehe, akasema wanatoka India, wanapanda juu kwenye upepo, wanavuka Bahari ya Hindi mpaka Afrika Mashariki kwenye mvua. Na wanaorudi India upepo ukigeuka si walewale, ni kizazi kilichozaliwa huku kwenye madimbwi yetu.

Siku niliyosimulia haya, kulikuwa na mvulana nyuma ya darasa aliyekuwa na kereng'ende kwenye meza, amemfunga uzi mkiani kama watoto wafanyavyo. Nilimwona, nikanyamaza. Nilipofika pale pa kuvuka bahari akamtazama yule mdudu kwa muda mrefu. Kisha akauma uzi kwa meno, karibu kabisa na mkia ili asimuumize, akamweka dirishani. Mdudu hakuruka mara moja. Darasa zima likasimama kumwangalia, na sikuwaambia wakae.

Nyuma ya kereng'ende yuko kozi wa Amur, ndege mdogo wa kuwinda. Anazaa Uchina ya kaskazini na mashariki ya Urusi, anapita kaskazini mashariki ya India, halafu kati ya Novemba na Desemba anaikata bahari kuja Afrika bila pa kutua, zaidi ya kilomita 3,000 za maji matupu, kaskazi ikimsukuma mgongoni. Tangu miaka ya 2010 wataalamu wamewafunga baadhi yao vifaa vinavyoonekana na setilaiti, kwa hivyo njia yake inajulikana. Wanaofuatilia habari zake wanaamini chakula chake njiani ni wale wale kereng'ende. Waambie watoto hivi: jahazi, kereng'ende na kozi, wote watatu kwenye upepo mmoja, juu ya bahari hii hii unayoiona ukisimama ufuoni pa Mama Ngina. Sijaona darasa ambalo halikunyamaza hapo.

Sasa ufuoni. Ndege wadogo wanaokimbiakimbia kwenye matope maji yakipwa, pale Tudor, Port Reitz na Mtwapa, sisi tunawaita vitwitwi wote kwa jumla. Wengi wao ni wageni. Kuna mmoja mwenye mdomo mwembamba uliopinda kidogo kwenda chini, anazaa Siberia, juu kabisa kwenye Aktiki. Kutoka huko hadi hapa ni zaidi ya kilomita 8,000. Uzito wake ni kama gramu 60.

Gramu 60 kwa mtoto ni maneno tu. Kwa hivyo nachemsha yai la kuku, naliingiza mfukoni, na nikifika hapo nampa mtoto wa kwanza: "Shika. Huyu ndiye aliyetoka Siberia." Yai linazunguka darasa zima. Wanalipima kwa kiganja, wanafumba macho, wengine wanalipeleka sikioni. Hakuna chati iliyowahi kunifanyia kazi kama yai lile.

Watauliza, kwa nini asibaki huko huko? Kwa sababu ardhi inaganda, na mdomo ule hautoboi barafu. Watauliza tena, na hili ndilo swali zuri zaidi: basi kwa nini asibaki Mombasa, kuna joto na chakula? Hapa usikimbie. Kiangazi cha Aktiki ni kifupi lakini jua karibu halitui, mbu na wadudu hawahesabiki, na makinda yanakua upesi kwa kula saa zote. Kwetu kuna chakula cha mtu mzima, kule kuna chakula cha kulelea. Kabla ya kuondoka, Machi na Aprili, wanakula mpaka wananenepa, mafuta ndiyo petroli yao. Watoto wangu wanasema "anakula daku", na sijapata maneno mazuri kuliko hayo. Wakati huohuo manyoya yao yanageuka, kifua kinakuwa chekundu kama tofali. Mtu mwenye darubini akienda Tudor mwezi wa Aprili atawaona wamevaa kana kwamba Idd ni kesho.

Jambo moja la kuwa mkweli nalo: vitwitwi hawangoji kaskazi. Wanaanza kutua Agosti na Septemba, kusi bado inavuma. Wao wanakimbia baridi ya kwao. Nilikuwa nikiwaunganisha wote na upepo kwa sababu hadithi inanoga, mpaka msichana mmoja akaniambia baba yake mvuvi anawaona kabla ya matlai, ule upepo wa mashariki unaotangulia kaskazi. Alikuwa sawa, na tangu hapo namsubiri mtoto kama huyo kila mwaka. Pia usishangae ukiwakuta wachache Juni: wengi wao ni wa mwaka wa kwanza, hawajafika umri wa kuzaa, wanabaki.

Kusi nayo ina wageni wake, na hili watu wengi wa mjini hawalijui. Kuanzia Julai hadi Septemba hivi, nyangumi wenye nundu wanapanda kutoka bahari ya barafu ya kusini kuja kuzaa na kunyonyesha kwenye maji yetu ya joto. Waendesha boti wa Watamu na Diani wanawaona wakiruka. Mtoto wa nyangumi anazaliwa na urefu wa mita nne hivi. Pima mita nne kwenye sakafu kwa chaki, walaze watoto watatu kwa urefu, halafu useme huyo ndiye mchanga wa leo asubuhi. Kasa nao wako, jike anarudi kutaga pande zile alikoanguliwa yeye miongo kadhaa nyuma, na fukwe za Nyali na Bamburi zina viota vyao. Kwa kasa somo linageuka kuwa la taa za hoteli zinazowapoteza vifaranga, hilo litafutie siku yake.

Dira. Kozi anajuaje njia? Jua, nyota, nguvu ya sumaku ya dunia, na kukumbuka sura ya nchi. Hayo yote watoto hawayashiki mpaka wajue kaskazini ni upande gani, na hapa Mombasa tumepewa zawadi: Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa mji huu. Nawaambia wasimame waelekee kibla. Hata wasio Waislamu wanajua msikiti wa mtaa umeelekea wapi. Haya, mko tayari kwa safari ya Aprili. Kaskazini ni kule inakotoka kaskazi, kusini ni kule inakotoka kusi. Maneno yenyewe yanafundisha, sisi tumeyasahau tu kwa kuyazoea.

Mchezo wa leso nao usiukose. Waambie walete leso kuukuu, kumi zinatosha. Zitandaze uwanjani kutoka lango (Mombasa) hadi ukuta wa mwisho (Siberia), kila leso ni mahali pa kutua na kula. Ukipiga firimbi wote wanakimbia kituo hadi kituo, asiye na mguu kwenye leso anakaa pembeni. Mzunguko wa pili unatoa leso moja: hapa mikoko imekatwa. Wa tatu unatoa nyingine: hapa pamejazwa taka, na mfano wanaujua, kwani Kibarani taka za mji zilimwagwa kando ya maji miaka mingi. Mwaka mmoja mtoto akasema, "Mwalimu, zile nyingine zirudishe zote, toa ya Mombasa peke yake." Nikatoa. Wakaja mbio kutoka Siberia, vituo vyote vimejaa chakula, wana nguvu, wakafika langoni wakasimama kwenye mchanga wakitazamana. Tulikaa chini kuzungumza mpaka kengele ikalia.

Baada ya haya yote ndipo ninapowaleta nyumbu, na sasa video inaeleweka. Ni zaidi ya milioni moja, wanazaliwa Tanzania, kusini mwa Serengeti, kati ya Januari na Machi, wanafuata mvua na majani, na wanafika Mto Mara Julai hadi Oktoba. Kuvuka si siku moja wala mara moja, kundi hili leo, lile wiki ijayo, wengine wanavuka na kurudi. Mtoto akiuliza nani anawaambia waondoke, darasa lenyewe linajibu: "Mvua." Kunguru wetu, wakiuliza, hasafiri popote. Aliletwa na binadamu kutoka Bara Hindi akabaki, na huyo ndiye aliyehama kwa maana ya mkokoteni.

Kuhusu kwenda ufuoni: usiwapeleke maji yakiwa yamepwa kabisa, ndege watakuwa mbali mno, vidoa tu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hupwa mnamo saa nne asubuhi kisha huanza kujaa. Kwenye saa saba, saa nane, maji yanawasukuma ndege karibu na ukingo. Muulize mvuvi wa hapo akupe saa ya siku hiyo, naye atafurahi kuulizwa. Wakae chini ya mikoko, wasikimbize ndege, maana kila akirushwa anaunguza mafuta ya safari. Kofia na maji ya kunywa. Darubini moja inatosha watoto kumi wakipokezana. Mkiweza kuchangishana nauli ya Watamu, kule Mida kuna daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia, na huko kuna ndege mweupe na mweusi anayekula kaa, anayetaga kwenye mashimo ya mchanga pande za Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi. Lakini msipoweza, Tudor inatosha kabisa.

Na lile yai lichemshe vizuri, dakika kumi. Mwaka wa kwanza sikulichemsha.